Mgonjwa wa saratani apumzike au atembee?

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu ya watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha katika nchi 168. Uganda ndiyo iliyokuwa na wachache kuliko zote: asilimia 5.5 tu. Wastani wa dunia ulikuwa asilimia 27.5, na Kuwait ilifika 67. Anayeijua nchi hii hashangai. Mkulima wa Kisoro anapanda kilima na jembe begani kabla jua halijachomoza. Kule Arua kijana anasukuma baiskeli iliyosheheni magunia ya mkaa. Mama wa Kawempe anabeba jerikeni ya lita 20 kutoka bombani mpaka mlangoni kwake, anainama kufagia, anachuchumaa kuosha vyombo, anamenya matoke, halafu anakwenda sokoni kwa miguu. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye mazoezi, maana siku yake nzima ni mazoezi.

Kisha majibu ya maabara yanatoka na kansa inaingia nyumbani. Kuanzia siku hiyo kila mtu anamwambia: mama, wewe kaa. Jembe linachukuliwa na shemeji. Maji wanaleta wajukuu. Hata chai anapelekewa kitandani, na akijaribu kusimama, mtu anakimbia kumshika. Watoto walio mbali wanapiga simu kila jioni kuuliza kama mama amepumzika. Yote haya ni upendo, tena upendo wa kweli. Lakini baada ya miezi mitatu mama huyo hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kuvutwa mkono, na jamaa wanasema, mmeona, kansa inammaliza. Sehemu ya kinachommaliza ni kile kitanda.

Hilo ndilo ninalotaka kulifafanua hapa, kwa sababu naliona linawagharimu wagonjwa wetu nguvu ambazo wangebaki nazo. Mgonjwa wa saratani apunguziwe mzigo, ila asinyang'anywe mwendo. Katika maisha yetu vitu hivyo viwili vimezoea kwenda pamoja, mwendo ukiwa ndani ya kazi na kazi ikiwa nzito, kiasi kwamba tukiondoa kimoja tunaondoa vyote.

Uchovu usioondoka kwa kulala

Ukimuuliza mgonjwa anayepata kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, ni kitu gani kinachomsumbua zaidi, mara nyingi hatataja maumivu wala nywele. Atasema amechoka. Uchovu huu si ule wa mtu aliyetoka kulima. Aliyetoka kulima akilala anaamka mzima. Mgonjwa huyu analala kwa muda wa saa kumi na kuamka kana kwamba hakufumba macho.

Chanzo chake si kimoja. Dawa zinapunguza damu, na damu ikipungua hewa ya oksijeni haifiki vizuri kwenye misuli. Uvimbe wenyewe unauchochea mwili utoe kemikali za mapambano, zile zile zinazomfanya mtu mwenye malaria ajisikie mzito na asitake kuongea. Hamu ya kula imekwenda. Usingizi unakatika kwa maumivu na mawazo ya ada za shule na nauli. Juu ya yote hayo kuna sababu moja ambayo familia haiioni, kwa kuwa wao wenyewe ndio wanaoitengeneza: misuli imeachwa bila kazi.

Msuli usiotumika mwili haukai nao bure. Unauvunja na kupeleka malighafi yake kwingine, kama kijiji kinavyochukua matofali ya nyumba iliyohamwa. Na unauvunja haraka kuliko tunavyodhani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema, wasio na ugonjwa wowote mkubwa, walilazwa kitandani siku kumi tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi, na hawakuwa wagonjwa. Sasa fikiria mtu mwenye saratani, anayekula kidogo, anayepewa dawa kali, akikaa kitandani majuma sita.

Hapo ndipo mzunguko unapoanza. Umechoka, kwa hiyo unalala. Ukilala misuli inapungua, na misuli ikipungua hata kwenda msalani kunakuwa safari. Safari hiyo inakuchosha, kwa hiyo unalala tena. Ukiutazama kutoka nje unaonekana kama ugonjwa unaosonga mbele, kumbe sehemu yake kubwa ingeweza kurudishwa nyuma.

Madaktari nao walichelewa kuliona hili. Kwa miaka mingi agizo lao lilikuwa lile lile la nyumbani: pumzika. Walioanza kulipima ni wauguzi. Katika miaka ya 1980, Maryl Winningham na Mary MacVicar, wauguzi watafiti huko Ohio, waliwapandisha wanawake wenye saratani ya matiti juu ya baiskeli za mazoezi huku wakiendelea kupata kemo. Watu waliogopa wangewadhuru. Wanawake wale wakaongezeka nguvu. Tangu hapo majaribio yamefanyika kwa mamia, na mwaka 2019 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilichapisha muhtasari wake: kutembea au mazoezi ya kiasi kwa dakika 30, mara tatu kwa juma, kwa muda wa majuma nane hadi kumi na mawili, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni, na humwezesha mtu kufanya shughuli zake. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa juma yanaongeza faida hiyo. Nimeona watu wakishangaa wakisikia kwamba kinachoondoa uchovu huu ni kujichosha kidogo. Wana haki ya kushangaa. Lakini ndivyo vipimo vinavyoonyesha, jaribio baada ya jaribio.

Daktari anaanza kukupima unapoingia mlangoni

Kuna jambo ambalo wagonjwa wachache huelezwa, na nadhani kila familia inastahili kulijua. Kabla daktari wa saratani hajaamua dawa, anajiuliza swali moja: mtu huyu anajiwezaje? Kuna ngazi inayotumika duniani kote, kuanzia sifuri. Sifuri ni mtu anayefanya kila kitu kama zamani. Moja ni yule anayeweza kazi nyepesi. Mbili ni yule anayejihudumia, hawezi kufanya kazi, lakini muda mwingi wa mchana hayuko kitandani. Tatu ni yule anayeshinda kitandani au kwenye kiti zaidi ya nusu ya mchana. Nne haamki kabisa.

Ngazi hiyo ina uzito mkubwa. Kwa saratani nyingi, mtu wa ngazi ya tatu au ya nne haongezewi kemo kali, kwa sababu mwili wake hautaivumilia na inaweza kumuua kabla uvimbe haujafanya hivyo. Kwa maneno mengine, nguvu ya kusimama na kutembea ni sehemu ya tiketi ya kupata dawa. Mgonjwa aliyeingia ngazi ya tatu kwa sababu uvimbe umesambaa ni jambo moja, nalo si kosa lake. Aliyeingia humo kwa sababu tulimlaza majuma mengi akisubiri nauli ya kwenda Kampala ni jambo jingine, na hilo lilikuwa mikononi mwetu.

Kusubiri kwenyewe tunakujua. Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale hospitali ya Mulago jijini Kampala, ilianza mwaka 1967 kama kituo kidogo cha kutibu watoto wenye uvimbe wa taya, ule ambao daktari Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa hapo hapo Mulago. Leo inapokea watu kutoka kila pembe ya nchi na hata kutoka nchi jirani. Mtu anatoka Koboko au Kisoro, anafika, anapimwa, anaambiwa arudi baada ya siku kadhaa kwa majibu. Hawezi kurudi nyumbani na kuja tena, nauli haitoshi. Anakaa kwa ndugu au kwenye hosteli, siku nyingi akiwa amejinyoosha kwenye mkeka. Siku hizo za kusubiri, kama hana homa wala kizuizi, ni siku za kutembea: dakika kumi asubuhi kabla ya vumbi na moshi wa bodaboda, dakika kumi jioni. Watafiti wanaita hatua hii kuuandaa mwili kabla ya tiba, na ni wakati mzuri, kwa sababu dawa hazijaanza kumpiga.

Je, inaongeza siku za kuishi?

Hili ndilo swali kubwa, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba wagonjwa wanaotembea sana huishi muda mrefu kuliko wanaokaa. Lakini huwezi kusema kwa hakika kwamba kutembea ndiko kulikowasaidia. Labda wanatembea kwa sababu walikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Njia ya kulijua hilo ni kugawa watu kwa bahati nasibu, na mwezi Juni 2025 jaribio la namna hiyo lilitoa majibu yake. Lilihusisha watu 889, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na kumaliza kemo. Nusu walipewa vijitabu vya ushauri wa afya. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka mitatu. Wengi walichagua kutembea haraka tu, kama dakika 45 hadi saa nzima, mara tatu au nne kwa juma. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 80.3 kwenye kundi la mazoezi na 73.9 kwenye lile jingine. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2. Tofauti ya namna hiyo ingeletwa na kidonge kipya, kidonge hicho kingeuzwa kwa bei ya shamba.

Tusilivute jaribio hili likafika lisipofika. Lilikuwa la saratani moja, kwa watu waliokwisha kutibiwa, na haliwezi kutuambia kwa uhakika kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, ya koo, ya tezi dume au Kaposi (saratani inayoonekana zaidi kwenye ngozi), ambazo ndizo tunazoziona zaidi huku kwetu pamoja na ya matiti. Pia waliofanya mazoezi walipata maumivu ya misuli na viungo zaidi kidogo kuliko wenzao. Na zaidi ya yote, walifanya mazoezi baada ya upasuaji na kemo. Hakuna aliyeacha tiba akatembea badala yake. Mtu akikuambia kwamba kukimbia, au mizizi, au maombi peke yake yatauyeyusha uvimbe, anakudanganya, hata kama anakupenda.

Kwa nini mwendo uwe na nguvu hiyo? Maelezo hayajakamilika, ila vipande vyake vinajulikana. Msuli unaofanya kazi unanyonya sukari kwenye damu, kwa hiyo insulini inashuka, na insulini nyingi ni mojawapo ya vitu vinavyozichochea chembe kukua. Zile kemikali za mapambano mwilini zinapungua. Askari wa mwili, chembe zile za kinga zinazosaka chembe mbovu, humwagika kwenye damu mtu anapojishughulisha. Haya yamepimwa kwa watu. Kwamba ndiyo yaliyowaokoa wale wagonjwa wa utumbo, hilo bado linachunguzwa.

Kulima si lazima kuwe zoezi

Mgonjwa wa kijijini anaweza kuniuliza: mimi nimelima maisha yangu yote, sasa niongeze nini? Ni swali la haki. Tofauti iko kwenye uwezo wa kuamua. Zoezi lina mwanzo na mwisho unaoupanga mwenyewe. Unaanza kidogo, unapumzika ukitaka, kesho unaongeza kidogo. Jembe halikuulizi. Mvua imenyesha, lazima upande, jua linawaka, umeinama saa nne mfululizo, na hujala. Kazi ya namna hiyo inaweza kumwangusha mgonjwa kabisa, na ndiyo maana jamaa wanapomnyang'anya jembe hawakosei. Wanakosea wanapomnyang'anya na njia ya kwenda shambani.

Kipimo cha ukali ni rahisi na hakihitaji saa. Tembea, na uongee. Ukiweza kuimba wimbo mzima, unakwenda polepole mno. Ukiweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, hapo ndipo. Ukishindwa hata kumalizia sentensi, punguza. Kwa mtu aliyekuwa na nguvu, mwendo huo ni wa kwenda mbio kidogo kuwahi basi. Kwa mtu wa kemo ya nne inaweza kuwa kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi. Vyote viwili ni sahihi, kwa sababu kinachopimwa ni pumzi yako mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kiasi kwa watu wazima, waliopona saratani wakiwemo. Lakini mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko hakuna. Usianze na 150. Anza na dakika tano, mara tatu kwa siku. Majuma mawili baadaye fanya saba. Siku mbili tatu baada ya dripu ya kemo wengi huwa hoi. Punguza siku hizo, ongeza tena juma la pili au la tatu kabla ya dripu nyingine. Mwili wa mtu wa kemo unakwenda kwa mawimbi, na anayelazimisha mstari ulionyooka atakata tamaa mapema.

Nguvu za misuli zinahitaji kazi ya aina yake, na hapa vyombo vyote viko nyumbani. Kaa kwenye kigoda au kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono kifuani. Simama bila kujisukuma, kaa polepole, simama tena. Ukifika mara tano umechoka, inatosha, pumzika, rudia. Ukifika mara kumi kwa urahisi, tafuta kigoda kifupi zaidi. Zoezi hili nalipenda kuliko mengine yote kwa sababu ya choo cha shimo. Wataalamu wanaoandika vitabu vya mazoezi ya wagonjwa mara nyingi wanafikiria choo cha kukalia. Wengi wetu tunachuchumaa, na mgonjwa anayeshindwa kuchuchumaa na kuinuka ndiye anayeanza kuletewa beseni chumbani, na wengi huniambia kwamba aibu ya beseni iliwaumiza kuliko sindano. Mapaja ndiyo yanayolinda heshima hiyo.

Kwa mikono, simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, sogea mbele na ujisukume nyuma. Kwa miguu ya chini, shika fremu ya mlango, panda juu ya vidole, shuka polepole. Kwa uzito, tumia chupa ya maji ya nusu lita, kisha ya lita moja, kisha jerikeni ya lita tatu ikiwa nusu. Mara mbili au tatu kwa juma, ukiruka siku katikati.

Na ale. Misuli haijengwi kwa chai kavu. Maharage, karanga, mukene (dagaa), mayai, maziwa: kidogo kidogo mara nyingi kama tumbo halipokei. Mgonjwa wa saratani ya koo ambaye chakula hakipiti asipewe programu ya kutembea kilomita. Kwake la kwanza ni kufungua njia ya chakula, na mazoezi ya kigoda yatafuata.

Mkono uliovimba

Wanawake waliofanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani wameambiwa kwa miaka mingi: usibebe kitu kwa mkono huo tena. Hofu ilikuwa ya kweli, kwa sababu tezi zikiondolewa maji ya mwili yanaweza kukwama na mkono ukavimba. Kwa hiyo mwanamke anaulinda mkono, hautumii, bega linaganda, mkono unadhoofika. Kisha siku moja hana msaidizi, ananyanyua jerikeni iliyojaa, kilo 20 kwa mkupuo, na mkono unavimba kweli. Kila mtu anathibitisha kwamba onyo lilikuwa sahihi.

Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 141 ambao tayari walikuwa na mikono iliyovimba. Nusu walifundishwa kunyanyua vyuma mara mbili kwa juma, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza taratibu, wakiwa wamevaa soksi maalumu ya kubana mkono. Uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wenzao waliokaa. Vipindi vya mkono kuchachamaa vilipungua, na nguvu ziliongezeka. Kumbe hatari ni ule mruko wa ghafla kutoka sifuri hadi kilo 20. Mkono uliozoezwa kwa ngazi unavumilia zaidi kuliko mkono uliofichwa.

Baada ya upasuaji, anza na bega. Mwulize daktari wa upasuaji ni siku gani unaweza kuanza. Simama ukitazama ukuta, weka vidole, vitambae juu polepole mpaka uhisi kuvutwa, si kuumia. Tia alama ya mkaa pale ulipofika. Juma lijalo tafuta kuipita. Uzito unakuja baadaye, jeraha likishapona. Mkono ukianza kuwa mzito, pete ikabana, au ngozi ikawa nyekundu na ya moto, simamisha na uende kliniki, kwa sababu wekundu na joto vinaweza kuwa maambukizo yanayohitaji dawa.

Siku za kutofanya

Kuna siku ambazo mwendo ni kosa, na hizi zijulikane na kila anayemwuguza mtu. La kwanza ni homa. Mgonjwa wa kemo, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, chembe zake za kinga zinakuwa chini kabisa. Joto likifika 38, asifanye zoezi, na zaidi ya hapo asinunuliwe dawa ya malaria dukani na kusubiri mpaka kesho. Nchi hii tumezoea kila homa kuwa malaria. Kwa mtu huyu inaweza kuwa maambukizo ya damu yanayoua kwa saa chache. Aende hospitali usiku huo huo, malaria ipimwe huko.

Kuna damu kidogo sana, inayoleta kizunguzungu, moyo kwenda mbio mtu akiwa amekaa, macho na viganja kupauka. Kuna chembe za kugandisha damu zilizoshuka, zinazoleta madoa mekundu kwenye ngozi na fizi kutoka damu. Siku hizo hakuna kunyanyua wala kitu kinachoweza kumwangusha. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika ghafla, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwingine ni mambo ya kumwona daktari mara moja.

Saratani ya tezi dume na ya matiti hupenda kuhamia mifupani. Mwenye mifupa iliyoshambuliwa bado anaweza kutembea, ila asiruke, asipinde mgongo kwa nguvu, asibebe mzigo kichwani. Akipata maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, miguu ikalegea, au mkojo ukagoma, hiyo ni dharura: uti wa mgongo unabanwa, na akicheleweshwa anaweza kupooza moja kwa moja.

Dawa nazo zina alama zake. Vinkristini na paklitaxeli, zinazotumika sana kwetu, zinaweza kutia ganzi kwenye nyayo. Mtu asiyehisi chini asitembee peku wala kwenye njia ya mawe, avae viatu vilivyofunika vidole, na akague nyayo jioni kutafuta vidonda asivyovihisi. Mzee wa tezi dume aliyezuiliwa homoni, kwa sindano au kwa upasuaji, anapoteza misuli na mifupa mwezi baada ya mwezi; kwake mazoezi ya nguvu yana umuhimu kuliko karibu mgonjwa mwingine yeyote. Mwenye Kaposi aliyevimba miguu ainue miguu akikaa, achezeshe vifundo juu na chini mara nyingi kwa siku, na afunike vidonda kabla ya kutoka. Aliyepasuliwa tumbo asibebe kitu kizito mpaka daktari amruhusu, kwa kawaida majuma sita hadi manane. Anayepigwa mionzi avae nguo pana, na ngozi inayopigwa mionzi aikinge dhidi ya jua. Na mwenye kinga ndogo au kidonda asiende kuogelea ziwani, kwa sababu ya kichocho na uchafu wa maji.

Pale tiba inapofika mwisho

Wapo watakaosoma haya wakimwuguza mtu ambaye ameambiwa hakuna dawa nyingine ya kuukabili uvimbe. Hata kwake mwendo una nafasi, ila shabaha inabadilika. Sasa ni kukaa wima dakika ishirini akila na wenzake, kufika kwenye baraza, kujigeuza kitandani asipate vidonda vya mgongo.

Uganda ina bahati katika jambo hili. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wasio na tiba, lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, lilileta mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, hadi nyumbani, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuiandika. Maumivu ndiyo yanayowafunga wengi kitandani. Mofini ya maji huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo panga: mpe dozi yake ya saa hiyo, subiri nusu saa, ndipo aamshwe kuoga au kutembea. Siku za kwanza inaweza kuleta usingizi na kizunguzungu, basi awe na mtu pembeni. Inafunga choo pia. Mwendo mdogo na maji husaidia kidogo, lakini aandikiwe na dawa ya kulainisha.

Anayemshika naye ajifunze kumshika. Usimvute kwa mikono, bega litateguka na wewe utaumia mgongo. Mwambie asogee ukingoni mwa kitanda, miguu ifike chini, ainame mbele kama anayetazama vidole vyake. Wewe simama ubavuni, mkono mmoja nyuma ya kiuno chake. Hesabu hadi tatu, na mwache yeye ndiye ainuke, wewe ukimsindikiza tu. Akishindwa, akae, apumue, ajaribu tena. Na ukiwa kliniki juma lijalo, mwulize muuguzi mambo matatu kabla hujatoka: damu yake iko kiasi gani, kuna mfupa wowote wa kuulinda, na leo aruhusiwe kutembea mpaka wapi.